Kisu Kilipita

Watiri hakuwahi kuwachekesha watu maishani mwake mpaka siku ile muuguzi alipokuja kwenye kituo cha majani chai. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kukaa nyuma. Aliachia shule darasa la sita, na hata alipokuwa shuleni akiulizwa swali alisimama, akainamisha kichwa, akakaa tena bila kujibu. Alipoolewa na Mwai, huko milimani juu ya Kiriaini, majirani walidhani kwa muda mrefu kwamba hasikii vizuri. Mama mkwe wake, Kabura, ndiye aliyekuwa akimjibia. "Anasema hajambo," Kabura angewaambia, na Watiri angetikisa kichwa kwa shukrani.

Siku hiyo ya mwezi wa nne wanawake walikuwa wamemaliza kuchambua majani, wametoa yale magumu, wanangoja lori la kiwanda. Muuguzi aliitwa Kananu, Mmeru mwembamba wa sauti ya polepole. Alikuwa amemwomba karani wa mizani ruhusa ya kusema na akina mama hapo hapo, kwa maana ukiwaita zahanati hawaji, lakini lori likichelewa hawana pa kwenda. Akawaeleza habari za saratani ya mlango wa kizazi. Akasema inaletwa na kirusi ambacho mtu humpa mwenzake kitandani, na mara nyingi hakuna anayejua. Akasema tena kwamba watafiti wameona mwanamume akiwa ametahiriwa, hatari ya mke wake hupungua.

Hapo wanawake waliguna kwa raha. Kwao hakuna tusi la mwanamume linalozidi kihii, yaani yule ambaye hajatahiriwa. Wavulana hupelekwa mwezi wa Desemba, na aliyebaki nyuma hana wa kukaa naye. Kwa hiyo maneno ya muuguzi waliyapokea kama sifa, yao na ya waume zao. Na Watiri, asijue sauti imetoka wapi, akasema:

"Basi daktari, umepotea njia. Huku kisu kilipita kabla yako."

Kicheko kilichotoka pale kiliwashtua kuku wa karani. Phyllis, mama mmoja mnene ambaye kawaida ndiye alikuwa mchekeshaji wa kituo, alimshika Watiri bega ili yeye mwenyewe asianguke kwa kucheka. Hata muuguzi alitabasamu, akainua mkono ili amalizie alichokuwa akisema, lakini lori likapiga honi kwenye kona na kila mtu akaruka kwenye kikapu chake. Wakati majani yanapimwa, Kananu alikuwa bado amesimama kando na mkono wake umeshuka. Baadaye akaondoka.

Tangu siku hiyo Watiri alikuwa mtu. Phyllis akimwona kutoka mbali alimwita, "Kisu kilipita?" na yeye alijibu, "Kilipita!" Wengine wakadakia. Wageni walielezwa mzaha ule ulivyoanza na nani aliyeuanzisha. Wakati mwingine, akiwa peke yake katikati ya michai, Watiri alijibu kwa sauti ndogo ingawa hakuna aliyemwita, ili asikie tu linavyotoka. Alianza kuwahi kituoni kuliko zamani.

Mtu mmoja hakuwa amecheka. Watiri hakulitia maanani wakati ule. Lilimrudia mwezi wa saba, wakati wa ukungu na baridi, alipoingia nyuma ya jiko kutafuta debe na kumkuta Kabura amechutama, anafua vitambaa kwenye karai. Maji yalikuwa mekundu. Kabura alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, na mambo ya kila mwezi yalikuwa yamemwacha zamani, kabla Watiri hajaletwa nyumbani kwake. Kando ya karai palikuwa na shuka kuukuu iliyopasuliwa vipande vipande, vingine vimekwisha kutumika.

"Toka," Kabura alisema.

Watiri alitoka. Alisimama nje karibu na ghala, na siku ile ya mwezi wa nne ikamjia yote. Kabura alikuwa amekuja kituoni mapema, amevaa kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha kanisani. Hakuna mtu anayevaa kitambaa cha kanisani kwenda kupima chai. Alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na muuguzi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu yake. Kisha Watiri akasema maneno yake, watu wakacheka, na alipotazama tena Kabura alikuwa amehamia nyuma na anachambua majani ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Aibu ilimpanda Watiri kutoka miguuni. Alitamani ardhi ya pale ghalani impokee.

Ilimchukua siku kadhaa kupata pa kuanzia. Mambo ya chini ya nguo si ya kuongea na mama wa mume wako. Mwishowe, walipokuwa wawili shambani na ukungu umewafunika hata hawaonani vizuri, alisema bila kuacha kuchuma kwamba mami afadhali aonane na yule muuguzi.

Kabura alichuma mistari miwili kabla ya kujibu. "Si wewe ulisema kisu kilipita?"

"Nilisema ovyo, mami."

"Hukusema ovyo. Ulisema vile watu wanajua. Nikienda pale nikute niko na hiyo ugonjwa, watauliza ni kisu gani hakikupita."

Kisha akamweleza, uso wake umeelekea kwenye michai. Baba Mwai, marehemu Hezekiah, hakukulia huku. Alikulia Laikipia, kwenye shamba la mifugo ambako baba yake alichunga, na wazazi wake walipokufa alilelewa na jirani yao Mturkana, mtu wa watu wasiotahiri. Alirudi kwa ukoo wake akiwa mtu mzima mwenye kofia na koti zuri, akasema alitahiriwa hospitalini Nanyuki. Nani angemwambia mwanamume mzima athibitishe? Kabura alijua ukweli usiku wa harusi, naye alikuwa msichana, akanyamaza. Walipokuwa na watoto wawili ndipo Hezekiah alipokwenda Nyeri, akarudi anatembea miguu imeachana, akasema amepasuliwa mshipa wa ngiri. Akina mama wa kanisa waliwaletea uji.

"Niliupokea," Kabura alisema. "Nikawaambia Mungu awabariki. Uji wa uongo, nao walikuja nao kutoka mbali."

Na siku ya mazishi, akaendelea, yule mwenye kipaza sauti aliwaita watu wa rika la marehemu, wale waliotahiriwa mwaka mmoja naye, wasimame. Wakasimama wazee watatu ambao waliona tu miaka inakaribiana. Mmoja alilia. Kabura alikuwa amekaa mbele ya jeneza, akiomba wakae upesi.

"Sasa unataka nikamfukue," alisema. "Daktari akiniangalia ataona."

Akamfanya Watiri aahidi kwamba Mwai hatajua kamwe habari za baba yake. Watiri aliahidi.

Alikwenda zahanati peke yake, akasema anamuulizia mtu fulani. Kananu alimkumbuka mara moja. Hakumkemea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba siku ile alikuwa katikati ya maneno walipocheka. Alikuwa anataka kusema kwamba kutahiriwa kunapunguza hatari, hakuimalizi. Mwanamume aliyetahiriwa anaweza kubeba kirusi vilevile, na mwanamke anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kujua. Kwa hiyo mke wa aliyetahiriwa anahitaji kupimwa kama mke mwingine yeyote.

Watiri aliuliza, kwa sauti iliyokuwa karibu kutosikika, kama daktari akimtazama mama anaweza kujua mume wake alikuwa wa namna gani.

"Hapana," Kananu alisema. "Nikimtazama mwanamke simwoni mume wake. Naona kama kuna ugonjwa au hakuna. Huyo mtu wako ana miaka mingapi?"

Aliposikia ni mama wa miaka sitini na kitu anayetoka damu, Kananu aliweka kalamu chini. Akasema inaweza kuwa kitu kingine, lakini lazima aende hospitali kubwa Nyeri wiki hii, si mwezi ujao. Kisha akamwomba Watiri apande kitandani naye apimwe kwa siki, ile inayopakwa ndani ili kuonyesha ugonjwa, kwa kuwa amefika. Watiri alipimwa akiwa amefunika uso kwa kanga. Alikutwa hana kitu.

Alirudi na habari hizo kwa Kabura kama mtu aliyebeba maji kwa viganja. Kabura alizisikiliza zote. Kwamba daktari hawezi kumwona Hezekiah, hilo lilimfariji kidogo, lakini akatikisa kichwa. Daktari labda, watu je? Katika mlima ule huwezi kushuka barabarani umevaa vizuri bila kuulizwa na kila boma unaenda wapi. Mama mzee anakwenda Nyeri hospitalini, anaumwa nini? Phyllis angejua kabla ya jua kuzama, na kesho yake kituo kizima kingekuwa kinaimba yale maneno ya Watiri.

"Maneno ni yako," Kabura alisema, si kwa ubaya. "Lakini mimi ndiye yatanifuata."

Usemi huo ulilala na Watiri usiku kucha na kuamka naye. Kesho yake alipofika kituoni na kikapu mgongoni, Phyllis alikuwa juu ya benchi, anawasimulia wengine kitu. Akamwona, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Lynn! Kisu kilipita?"

Watiri aliteremsha kikapu. Kabura alikuwa nyuma yake, anafungua aproni ya plastiki. "Nilienda kupimwa," Watiri alisema. "Alhamisi naenda Nyeri, hospitali kubwa. Mami atanisindikiza."

Mikono ya wote ilisimama juu ya majani. Angeweza kuongeza kwamba yeye hana ugonjwa. Aliyaona maneno hayo mbele yake, mafupi na rahisi, akayaacha.

Phyllis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye kimya kilimwasha. "Ngai, Mungu wangu," alisema. Kisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama yeye, akasema, "Labda kwa Mwai kilipita mbio."

Wakacheka. Haikuwa kama kicheko cha mwezi wa nne. Kilikuwa kifupi, na wengine walifunika mdomo. Lakini walicheka, na mmoja akaongeza kwamba labda kilipita kikitazama upande mwingine, na mwingine akamwambia nyamaza, huku anafuta machozi. Watiri aliinama juu ya kikapu chake. Alikuwa amesahau jinsi darasa zima linavyosikika likicheka na wewe umesimama.

Mwai alikuwa fundi wa samani Kiriaini. Jioni hiyo aliingia jikoni bila kusalimu, akatoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya meza ndogo. Kilikuwa wembe mpya, bado ndani ya karatasi yake. Alikuwa ameukuta juu ya benchi lake la kazi aliporudi kutoka kula, na wanaume wote wa karakana walikuwa wanapiga randa kwa bidii, hakuna aliyeinua uso.

"Ati mimi ni kihii," alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Watu niliotahiriwa nao. Tulilala nyumba moja mpaka tukapona. Leo wananinunulia wembe. Ulienda kusema nini huko, Watiri?"

Jibu lolote la Watiri lilikuwa siri ya mtu mwingine. Alisema anaomba msamaha. Mwai alimuuliza msamaha wa nini, kama ni mgonjwa kweli au ana jambo lingine ambalo anaficha, na kama aliugua, aliugua kwa nani, maana yeye anajijua. Swali hilo la mwisho alilirudia. Kabura alikuwa upande wa pili wa moto, anageuza viazi. Watiri hakumtazama, kwa kuwa alijua akimtazama itakuwa kama amemwomba. Kabura aligeuza kiazi kimoja, akakigeuza tena. Mwai alitoka akaenda kulala bila kula.

Alhamisi walishuka wawili, Watiri mbele kama mgonjwa, Kabura nyuma na mkoba kama msindikizaji. Kila boma liliuliza na Watiri alijibu. Walipitia Othaya, wakafika Nyeri, wakakaa kwenye foleni ya akina mama ambao kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Jina la Kabura lilipoitwa, Kabura hakusimama. Likaitwa tena.

"Nenda wewe," alimwambia Watiri, kama mtoto.

Watiri alimshika mkono, wakaingia pamoja.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko Mwai. Kabura alifumba macho muda wote, na mkono wake uliubana wa Watiri mpaka vidole vikafa ganzi. Kijana yule alikata kipande kidogo cha kupeleka maabara. Alisema majibu yatakuja, lakini kwa anavyoona ni lazima matibabu, na yataanza upesi. Hakusema ni mapema. Alisema bado kuna nafasi. Kisha akauliza damu ilianza lini.

"Mwezi wa tatu," Kabura alisema.

"Sasa ni mwezi wa saba, mama. Ulikuwa unangoja nini?"

Watiri alihesabu. Mwezi wa tatu, kisha wa nne, kitambaa cheupe cha kanisani. Alingoja kusikia jina lake.

Kabura alitazama sakafu. "Kulikuwa na chai mingi," alisema.

Walipotoka nje jua lilikuwa limefukuza ukungu na mlima ulionekana mpaka kileleni. Watiri alikaa chini kwenye ukingo wa ukuta, akalia ndani ya kanga. Kabura alimngoja amalize. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia si kosa lako. Alimnunulia chai na mandazi, akasema jioni atazungumza na Mwai.

Alizungumza naye kweli, nje kwenye ghala, mlango umefungwa. Alimwambia mgonjwa ni nani. Habari za baba yake hakumwambia. Asubuhi Watiri alikuta gambuti zake zimeoshwa matope na kuwekwa mlangoni zikiangalia nje, na wembe haukuwepo mezani. Mwai alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Kituoni Phyllis aliuliza, kwa sauti ya kujali safari hii, Watiri ameambiwa nini Nyeri. Watiri alifungua mdomo.

"Hakuambiwa kitu," Kabura alisema kutoka nyuma. "Yeye ni mzima. Mgonjwa ni mimi."

Alilisema hilo akiwa amesimama wima, kikapu bado mgongoni, kitambaa cheupe kichwani. Wanawake walimtazama. Ungeweza kuona machoni mwao wanavyomfikia Hezekiah, mzee wa kanisa, na wazee watatu waliosimama kwa ajili yake. Kabura aliona pia.

"Baba Mwai mlimzika nyinyi wenyewe," alisema. "Anayetaka kumuuliza, kaburi analijua. Na muuguzi amesema ya kwamba ugonjwa hauulizi kisu. Wenu wote walipita kwa kisu, sivyo? Hata nyinyi mwende."

Hakuna aliyecheka. Karani aliita anayefuata kwenye mizani, na Watiri akapeleka kikapu chake. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ndipo alipojikamata. Kwa muda ule mfupi, mama mkwe wake aliposema mgonjwa ni mimi, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa afueni: kwamba sasa hawatamcheka yeye. Alilijua hilo peke yake, na hakukuwa na mtu wa kumwomba msamaha kwa hilo.

Wiki iliyofuata, Kabura akiwa ameanza kwenda Nyeri kwa matibabu na Mwai ndiye anayempeleka, Phyllis alimwona Watiri akija barabarani. Mazoea yakamshika. "Kisu..." alianza, akanyamaza, akajifanya anakohoa.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Phyllis alitembea naye bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. Kwenye njia panda, kabla ya kuachana, alichezea kamba ya kikapu chake.

"Mama Lynn. Hiyo kupimwa. Inauma?"

Watiri alifikiria kitanda cha zahanati na kanga usoni, na macho ya Kabura yaliyofumbwa.

"Haiumi," alisema. "Ni aibu tu."

Phyllis aliitikia kwa kichwa. Akauliza yule Mmeru huwa zahanati siku gani, na Watiri akamwambia.